Wasichana na mpira wa vikapu: Je, Olimpiki ni mbali na Kimilili?

UKITOKA Kitale kwa matatu ukielekea Bungoma, kisha ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya mlimani, utapita mahindi, miwa na vishamba vya kahawa hadi uingie Kimilili. Ni mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon, na sifa yake moja ni kwamba watu wake wanapenda shule. Wamishonari wa Kikweka, ambao hapa tunawaita Wafrendi, waliacha shule kila kona ya wilaya hii ya zamani ya Bungoma. Friends School Kamusinga ya wavulana iko hapa hapa Kimilili, na Lugulu ya wasichana haiko mbali.

Michezo nayo haikuletwa juzi. Elijah Masinde, yule nabii wa Dini ya Msambwa aliyewasumbua wakoloni, alikuwa mwanasoka hodari kabla ya kuwa nabii, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kwa hivyo kijana wa kiume wa Kimilili akisema anataka kucheza mpira, hakuna anayeshtuka.

Msichana je?

Hapo ndipo maneno huanza. Binti anarudi nyumbani na habari kwamba amechaguliwa katika timu ya shule ya mpira wa vikapu. Mama yuko jikoni anasonga ugali. Hamkatazi, lakini anauliza swali ambalo kila binti wa huku amewahi kulisikia: "Na huo mpira utakupeleka wapi, mwanangu?" Baba, kama yupo, huongeza la karo.

Swali la mama si la kudharauliwa. Karo ya bweni ni mzigo, mtihani ni mmoja, na magoti ya msichana ni yake mwenyewe. Lakini ni swali lenye jibu, na jibu hilo limeandikwa katika historia ya mashindano ya wanawake ya mpira wa vikapu katika Michezo ya Olimpiki. Historia yenyewe ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

MIAKA 40 YA KUNGOJA

Mpira wa vikapu ulibuniwa na mwalimu James Naismith huko Springfield, Marekani, mwaka 1891. Mwaka uliofuata wasichana wa chuo walikuwa tayari wanaucheza. Wanaume waliingizwa katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Wanawake waliambiwa wangoje, wakangoja miaka 40, hadi Montreal mwaka 1976.

Sisi hatukuwako. Mwaka huo Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hiyo kinyang'anyiro cha kwanza cha akina dada kilichezwa bila Mwafrika kutoka bara hili. Timu zilikuwa sita tu. Muungano wa Kisovieti ulitwaa dhahabu ukiwa na Uljana Semjonova, mwanamke wa Latvia mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili ambaye wapinzani walimfikia kifuani. Marekani ilipata fedha, Bulgaria ikapata shaba.

Lakini kikapu cha kwanza kabisa katika historia hiyo hakikutiwa na Semjonova. Kilitiwa na msichana mweusi aliyeitwa Lusia Harris.

Huyu mzazi wa Kimilili angemwelewa mara moja. Alizaliwa mwaka 1955 kijijini Minter City, jimbo la Mississippi, katika familia yenye watoto 11 iliyolima pamba katika shamba la watu kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Alikuwa mrefu, na watoto wenzake walimcheka kwa urefu huo, kama wanavyochekwa wasichana warefu wa kwetu wanaoitwa twiga na milingoti ya stima. Usiku alijifunika blanketi akitazama mpira kwenye televisheni wakati alipotakiwa kulala. Mpira ulimpeleka chuo kikuu cha Delta State, na huko timu yake ilishinda ubingwa wa vyuo wa taifa miaka mitatu mfululizo, 1975, 1976 na 1977.

Baada ya hapo? Hapakuwa na kitu. Hakukuwa na ligi ya wanawake iliyodumu ya kumlipa mshahara. Klabu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimchagua mwaka 1977 katika uteuzi wake wa wachezaji chipukizi, lakini hakwenda kujaribiwa, alikuwa mjamzito. Alirudi kwao, akawa mwalimu na kocha, akalea watoto wanne. Alifariki Januari 2022, na miezi miwili baadaye filamu fupi kuhusu maisha yake ikashinda tuzo ya Oscar.

Nayasimulia haya kwa urefu kwa sababu mtu anaweza kuyasoma kwa njia mbili. Anayeuliza "ulikupeleka wapi?" ataona kwamba dada huyu alitoka shambani akarudi kijijini. Mwingine ataona kwamba alirudi na shahada. Mimi niko upande wa huyu wa pili, ingawa sikatai kwamba alidhulumiwa na wakati wake.

ZAIRE YALIMWA, LAKINI...

Miaka 20 baada ya Montreal, mwaka 1996, Olimpiki ilifanyika Atlanta. Zaire, jirani yetu wa magharibi, ilipeleka vipusa wake katika mpira wa vikapu. Walicheza na Marekani wakalimwa pointi 107 kwa 47. Walipoteza kila mechi na kumaliza nafasi ya 12 kati ya timu 12.

Mtu angefunga kitabu hapo na kusema Waafrika hawana kazi huko. Lakini katika kikosi hicho kilichochapwa kulikuwa na msichana wa miaka 20 kutoka Kinshasa, Mwadi Mabika. Mwezi Mei 1997 nchi yake ilibadilisha jina na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Juni mwaka huo huo ligi mpya ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilifungua milango, na Mabika akawa mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo katika timu ya Los Angeles Sparks. Timu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na tena 2002, naye akiwa nguzo yake. Ile ligi iliyokosekana enzi za Lusia Harris sasa ilikuwepo.

Upande wa Marekani siku ile ya 107 kwa 47 alikuwako mchezaji mfupi wa kugawa pasi, Dawn Staley. Msomaji, lishike jina hilo. Tutalirudia.

Afrika iliendelea kupeleka timu moja kila Olimpiki, na karibu kila mara ilirudi mkono mtupu. Ushindi wa kwanza wa mechi ulipatikana Athens mwaka 2004, Nigeria ilipoishinda Korea Kusini 68 kwa 64. Halafu kimya cha miaka 20.

Ndipo ikaja Paris, 2024. Kwanza wasichana wa Nigeria walizuiwa kupanda mashua ya nchi yao siku ya sherehe za ufunguzi, kwa madai kwamba watu walikuwa wamezidi. Siku tatu baadaye waliichapa Australia 75 kwa 62. Walishindwa na Ufaransa, kisha wakaiondoa Kanada kwa 79 kwa 70 na kuingia robo fainali. Hakuna timu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika hapo katika mpira wa vikapu wa Olimpiki. Marekani iliwatoa kwa 88 kwa 74, kisha ikatwaa dhahabu kwa kuishinda Ufaransa 67 kwa 66, pointi moja tu. Kocha wa Nigeria, Rena Wakama, alitangazwa kocha bora wa mashindano hayo ya wanawake.

Tusidanganyane, hata hivyo. Wengi wa mashujaa hao wa Nigeria walizaliwa au kukulia Marekani, na kocha wao vile vile. Walikuta viwanja vya mbao, makocha na madaktari. Msichana wa Kimilili hawezi kuiga njia hiyo kwa sababu hakuzaliwa penye kianzio chake. Inambidi apitie njia nyingine.

KENYA ILIWAHI KUGUSA

Wasichana wa Kenya hawajawahi kucheza mpira wa vikapu wa timu ya watu watano katika Olimpiki. Walipokaribia zaidi kilele cha dunia ni mwaka 1994, walipokwenda Australia kwa mashindano ya ubingwa wa dunia. Timu zilikuwa 16, na kutoka bara zima la Afrika ilikuwako Kenya peke yake. Ilimaliza mkiani. Hatujarudi tena tangu hapo, na vijana wengi wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza hadi majina ya wachezaji wa akiba hawajui kwamba tuliwahi kufika.

Mwaka 1997 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika wa wanawake. Mwaka 2022 kukawa na jambo jipya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham: mpira wa vikapu wa watu watatu kwa watatu, na Kenya ikapeleka wasichana. Dhahabu ilikwenda Kanada. Sisi hatukupata nishani, lakini huu mchezo wa watatu watatu unastahili kutazamwa vizuri na walimu wa michezo wa kwetu.

Sababu ni rahisi. Unahitaji nusu ya kiwanja na ringi moja. Kila upande una wachezaji watatu na wa akiba mmoja. Mechi ni ya dakika 10, au humalizika mapema timu moja ikifikisha pointi 21. Olimpiki iliupokea katika Michezo ya Tokyo, na Paris mabingwa wa wanawake walikuwa Ujerumani, waliowashinda Uhispania 17 kwa 16. Sasa tazama viwanja vya shule nyingi za Bungoma na Trans Nzoia: udongo uliopigwa ukakakamaa, milingoti miwili, na mara nyingi ringi moja imepinda au imeng'oka. Mwalimu anayelalamika kwamba hana kiwanja kamili anayo nusu ya kutosha.

Mpira wenyewe ndio taabu. Wanawake huchezea mpira namba 6, mdogo kidogo kuliko namba 7 wa wanaume. Ukikuta shule ina mpira mmoja, kwa kawaida ni namba 7, na wasichana hufanya mazoezi na mpira usiowatosha mkononi. Wa watatu watatu una ukubwa wa namba 6 lakini uzito wa namba 7, na hutumiwa na wote, wavulana kwa wasichana. Kununua mmoja wa aina hiyo kungemaliza ugomvi katika shule nyingi.

NGAZI INAPITA NYUMA YA NYUMBA

Njia ya msichana wa huku inaanzia muhula wa kwanza, wakati mpira wa vikapu unapochezwa pamoja na magongo, mpira wa mikono na raga. Shule inaanza katika kaunti ndogo, inakwenda kaunti, halafu eneo, kisha taifa. Hapa kuna kichekesho cha mipaka: Kimilili na Kitale ni kama saa moja kwa gari, watu wanaoana na kuuziana mahindi, lakini katika michezo ya shule Bungoma iko eneo la Magharibi pamoja na Kakamega, Vihiga na Busia, na Kitale iko Bonde la Ufa. Timu mbili jirani zinaweza kukutana kwa mara ya kwanza katika fainali za kitaifa.

Zinazofanya vizuri huko huenda kwenye Michezo ya Shule za Sekondari ya Afrika Mashariki kila Agosti, na hii ndiyo Olimpiki iliyo karibu na mtoto wa Kimilili. Mwaka 2016 ilichezwa Eldoret. Mwaka 2024 ilikuwa Mbale, ng'ambo ya pili ya mlima huu huu, ambako unaweza kuvuka kwa Lwakhakha. Mwaka 2025 ikaja Kakamega. Yaani kwa Agosti mbili mfululizo wasichana wa nchi kadhaa walishindania ubingwa upande huu wa Elgon na upande ule.

Agosti ya 2024 ilikuwa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila Mbukusu na Mgisu anajua maana yake: ni msimu wa tohara, kengele zinalia, mavumbi yanatimka, na mazungumzo yote ni ya wavulana. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza vipusa wa mpira wa vikapu wamefika wapi kule Mbale? Lakini wao walikuwa kiwanjani, na watu wenye macho ya kuchagua walikuwa kando wakitazama.

Kwani michezo hii ndipo vyuo na klabu hutafutia wachezaji. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya hutoa ufadhili kwa wachezaji. Timu ya wanawake ya Halmashauri ya Bandari, KPA ya Mombasa, na ile ya benki ya Equity zimekuwa miamba ya ligi ya taifa kwa miaka mingi, na aliyeingia huko amekaribia kazi, si mchezo tu.

Na wapo wanaovuka bahari. Mumias, mji wa sukari usiofika mbali kutoka Bungoma, ndiko anakotoka Madina Okot, binti mwenye urefu wa mita 1.98 hivi. Alipita Chuo Kikuu cha Zetech hapa nchini, akaenda Mississippi State nchini Marekani, na mwaka 2025 akahamia Chuo Kikuu cha South Carolina, moja ya timu kali kuliko zote za vyuo vya wanawake. Angalia ramani: jimbo lililompokea kwanza ni lile lile la Mississippi alikozaliwa Lusia Harris. Na kocha wa South Carolina ni nani? Ni Dawn Staley, yule yule mgawa pasi wa Atlanta, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki kama mchezaji na moja kama kocha mkuu, iliyopatikana katika Michezo ya Tokyo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Baada ya habari kama hiyo wazazi hupata homa. Kila mwenye binti mrefu anaona dola. Pole pole. Mabinti wa kimo hicho ni wachache mno, na nafasi za ng'ambo ni chache zaidi. Anayekuahidi visa kwa kutaka pesa za mbele ni tapeli, hata akija na picha za uwanja na fulana yenye nembo.

Shule zenye jina katika mchezo huu huwatafuta wasichana kutoka mbali na kuwapa nafasi bila karo au kwa karo nafuu. Ni jambo jema, na mtoto wa maskini amesoma kwa njia hiyo. Lakini mzazi aulize mambo matatu au manne kabla ya kutia sahihi. Akivunjika mguu muhula wa pili, karo itaendelea kulipwa? Anapokwenda mashindano wiki mbili, nani anamfundisha aliyoyakosa? Nani mwanamke anayesafiri na timu na kulala karibu na wasichana? Hili la mwisho wazazi wengi wanaona haya kulitaja mbele ya mwalimu mkuu. Litajwe. Shule njema haitakasirika.

Kuna na hili jipya. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na moja ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mpira si kitu cha saa kumi jioni pekee, unaweza kuwa somo darasani. Kama shule za vijijini zitapata walimu na vifaa vyake, au njia hiyo itabaki ya shule kubwa za mijini, ndilo jambo ambalo kamati za wazazi zinapaswa kulifuatilia mwaka huu, si mwaka wa mtihani.

Tena zipo kazi ambazo hazihitaji kimo. Refa, mwandika pointi, mtibabu wa viungo na kocha, wote hao husafiri na timu. Rena Wakama aliifikisha Nigeria robo fainali akiwa amesimama kando ya kiwanja, na alikuwa na miaka 32.

Kwa hiyo binti akija na habari zake, mama anaweza kuendelea kusonga ugali na bado akauliza swali lake. Ila aongeze moja: "Mazoezi ni siku gani, na mnarudi saa ngapi?" Mengi yanayowaondoa wasichana wetu katika timu yako hapo: giza la barabara kati ya shule na nyumbani, viatu, na kuni za jioni ambazo kaka yake hajaambiwa azichanje.